Wanyonge wa Beseni la Kushoto

Bungu, Jumatano. Mvua imekatika alfajiri, ua wetu wote ni matope, na mimi tangu asubuhi nacheka peke yangu.

Vifaranga wangu wa kambale wameanza kupanda juu kuvuta hewa!

Asiyefuga samaki ataliona jambo dogo. Kambale mchanga hupumua majini tu. Akikaribia wiki mbili, kiungo chake cha kuvutia hewa kinakuwa tayari, ndipo unamwona anapanda, anabugia hewa, anazama. Akifika hapo, mfugaji naye anashusha pumzi.

Mara mbili nilizototolesha, hawakufika. Na mara zote mbili nilikwenda Dimani kuwaambia akina mama wa kikundi chetu kwamba bwawa walilolichimba kwa majembe yao litaendelea kukaa bila samaki. Mara ya pili hawakunilaumu, walinipa chai. Heri wangenitukana. Bi Zuhura, mwenyekiti wetu, alisema kwa upole kwamba tukikosa tena watalifukia wapande mihogo.

Safari hii nilikuja na wazo. Nilisoma kwamba ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo GABA, ambayo neva huitumia kupelekeana ujumbe, hasa wa kutuliza. Kwa baadhi ya samaki, ujumbe huo huifikia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na tezi ikaachia homoni ya ukuaji. Si kwa samaki wote, na umri nao una neno lake. Nikasoma pia kwamba mpunga ulioanza kuota una GABA nyingi kuliko ambao haujaota.

Nikainua macho kwenye simu. Mama alikuwa uani anafunua mbegu za mpunga alizozivundika, zimeshatoa ncha nyeupe. Nimekula mpunga tangu nazaliwa, sikuwahi kuutazama kwa tamaa kama siku ile.

Nikapanga mabeseni mawili. La kulia nililisha kiini cha yai na unga wa dagaa, nikaongeza unga wa mpunga ulioota. La kushoto, yai na dagaa tu. Maji yale yale, kivuli kile kile. Kila asubuhi napima vifaranga kumi kumi kwa rula, naandika kwenye daftari.

Siku za mwanzo, wale wa kulia waliwapita wenzao waziwazi. Nikaanza kutembea kama daktari. Halafu wa kushoto wakaanza kuwafikia. Nilikagua maji, nilibadilisha rula, nikahisi labda nachanganya mabeseni.

Leo nilipowaona wanapanda juu, tena katika mabeseni yote mawili, nilipiga kelele hadi Mama akatoka jikoni mikono imejaa unga. Akainama kwenye beseni la kushoto kwanza.

"Alhamdulillahi. Na hawa wanyonge wangu nao wamefika."

Wanyonge wake?

"Mie nimeshindwa, mwanangu," akasema, bila hata kuona haya. "Wenziwao wanashiba, wao wamedumaa tu wanatazama. Ukenda sokoni nikawa nawatilia na wao unga ule kidogo. Tangu Ijumaa iliyopita."

Amelea watoto saba, akaniambia, na hajapata kumpa mmoja tonge mwingine akimeza mate.

Nakiri hapa: nilikasirika sana. Jaribio langu limekufa. Na angezidisha kidogo tu, chakula kingeoza, maji yangechafuka, nami ningekwenda Dimani kunywa chai ile tena. Nilifungua mdomo nimwambie yote hayo. Lakini Mama alikuwa amechuchumaa pale, anawaonyesha kwa kidole chenye unga, "Huyo! Na yule! Mwone na mdogo yule!" Hasira ikanitoka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matope.

Nilipomaliza kufua gauni, nilifungua tena daftari. Wa kushoto walianza kukimbia kwa urefu siku mbili baada ya Ijumaa ile.

Sasa natamani kuandika kwamba ni GABA, lakini sina haki hiyo. Huenda ni GABA. Huenda ni shibe tu, maana mpunga ni chakula na Mama ana mkono mpana. Pale nilipoandika "kushoto: bila mpunga" nimekata mstari, nikaandika kwa kalamu nyekundu, "pamoja na huruma ya Mama."

Nitarudia jaribio, na safari ijayo mabeseni yatakuwa matatu. La tatu ni la Mama, alishe apendavyo, mradi yale mawili asiyaguse. Amekubali haraka mno. Simwamini.

Mchana nilimpigia Bi Zuhura. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo ya tezi na homoni, lakini niliposema tu "wanavuta hewa," alipiga vigelegele nikalazimika kuweka simu mbali na sikio. Nyuma yake nikasikia wengine wanaitikia. Hapo nililia kidogo, sitaficha.

Kesho naenda Dimani na ndoo mbili. Nilitaka kuwatanguliza wale wa kulia, wa kushoto wapate siku chache zaidi za kunenepa. Mama amekataa katakata. Amesema wataingia bwawani siku moja, wote, na yeye atakuwepo kuhakikisha.