Mtoto wa Tatu wa Guka

Jumamosi

Mkono wa kulia umefura sana, naandika na wa kushoto.

Nilidhani ni swali dogo tu. Tangazo la kifo la guka, babu yangu, katika gazeti la zamani lilitaja wana watatu: baba mkubwa, marehemu baba yangu, na Njoroge. Faili ya mirathi pale kortini Nakuru ina wawili. Huyo Njoroge sijawahi kumsikia.

Leo nikaenda Ndabibi. Baba mkubwa alikuwa anachonga mpini wa jembe, shosho, mama yake, ameketi kando yake.

"Baba mkubwa, Njoroge ni nani?"

Aliinuka, akanipiga na ule mpini mpaka mfupa ukalia. Nikaanguka. Akauinua tena juu ya kichwa changu.

"Wacha!" shosho akapiga nduru. "Unataka kumuua huyu pia, vile uliua ndugu yako?"

Mpini ukamtoka mkononi. "Mama, uliapa," akasema, akaanza kulia.

Shosho alinifunga mkono na leso yake. "Njoroge amelala nyuma ya zizi," akaniambia. "Nipeleke polisi. Nimechoka kunyamaza."

Nitampeleka. Lakini shamba la guka liligawanywa sehemu mbili, na nusu moja alipewa baba yangu. Je, yeye alijua?