Jiwe la Kabula

Jumamosi jioni. Mvua ilianza tena saa nane mchana, sasa yamebaki manyunyu. Modemu inashika mtandao nikiiweka dirishani tu, kwa hiyo naandika nikiwa nimesimama.

Nimetoka kuomba radhi nyumbani kwa mwanafunzi wangu. Nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Jumatano, Kidato cha Pili tulifanya jaribio la kutafuta densiti ya jiwe. Shule yetu ni ya kata, maabara bado haijapauliwa, na mizani za kuning'inizia tunazo mbili. Lakini jaribio lenyewe halina makubwa. Unafunga jiwe kwa uzi na kulipima likiwa hewani. Kisha unalizamisha kwenye ndoo ya maji, likiwa bado linaning'inia, lisiguse chini, unasoma tena. Maji yanalisukuma juu, kwa hiyo mizani inaonyesha pungufu. Gramu zilizopungua ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa pembeni na jiwe. Na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja, hapo umeshapata ujazo wa jiwe, hata liwe limepindapinda vipi. Gawanya uzito wa hewani kwa ujazo huo. Hiyo ndiyo densiti.

Kabla hawajaanza niliandika ubaoni densiti ya mawe mengi ya kawaida: "Jibu liwe karibu na 2.6."

Nilidhani nawasaidia.

Alhamisi nikasahihisha. Daftari baada ya daftari, 2.6, 2.6, 2.5, 2.6. Nikafurahi kabisa. Halafu nikafika kwa Kabula: hewani gramu 310, majini 240, densiti 4.4. Kabula ni binti wa wafugaji waliohamia huku bondeni Momba na ng'ombe wao miaka michache iliyopita. Mkimya, anakaa nyuma.

Nilimwita ofisini mbele ya walimu wenzangu.

"Hizi namba umezipika," nilimwambia.

"Hapana, Mwalimu. Nilipima mara nne."

"Mara nne zote jiwe lako likawa chuma?"

Walimu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nikampa sifuri, nikamwambia asirudi bila mzazi.

Ijumaa hakuja.

Mawe yao yalikuwa bado yamepangwa nyuma ya darasa, kila moja limeandikwa jina kwa maka peni. Saa tisa, wanafunzi walipotoka, nilichukua la Kabula ili nipate cha kumwonyesha mzazi wake. Nilivyolishika tu nikahisi jambo. Dogo, la kijivu, lakini linauvuta mkono chini. Nikalifunga uzi. Hewani, 310. Majini, 240. Nikabadilisha mizani. 310, 240. Sabini zimepungua. 310 kwa 70 ni 4.4.



Baadaye nikachukua mengine, mawili ya karibu. La kwanza ni gramu 260 hewani; mwenyewe aliandika majini 160, mimi nikapata 150, kwa hiyo densiti yake ni 2.4 na siyo 2.6. La pili, jeusi, nikapata 2.9. Daftari lake linasema 2.6. Nikaendelea hadi mawe kumi. Kwa saba kati ya hayo, majibu hayakuwa yale ya daftarini.

Watoto wengi walianzia kwenye jibu langu la ubaoni wakarudi nyuma kutafuta namba za kulifikia. Aliyepika ni darasa. Mmoja aliyethubutu kuandika tofauti na ubao ndiye niliyemfukuza.

Leo asubuhi nikachukua bodaboda hadi kwao. Barabara ni tope tupu, sehemu mbili nilishuka nikatembea. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa anafunga lango la zizi. Nilimsalimia, akaniletea kigoda, akamwita Kabula. Kabula alikuja na kusimama mbali kidogo.

"Mwalimu, nilikuwa nakuja Jumatatu," mzee alisema. "Huyu ameniambia hakudanganya. Nikamwambia mwalimu hawezi kukosea, sema ukweli. Amekataa. Siku mbili hatuongei naye vizuri. Nimemwambia kama shule ni ya kwenda kudanganya, basi abaki hapa."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikasema haya tu:

"Mzee, aliyekosea ni mimi. Kabula alipima sawasawa. Mimi nilimwita mwongo bila kupima."

 Mzee alimgeukia binti yake akasema naye Kisukuma, maneno machache, kwa sauti ya chini. Sikuelewa hata moja. Kabula alifuta uso kwa kiganja, akaitikia.

Kisha mzee akanirudia. "Mwalimu, hayo umeyasema hapa tuko watatu. Ulimsema wapi?"

"Ofisini, mbele ya walimu. Na darasa zima linajua."

"Basi na huko utayasema?"

"Nitayasema."

"Haya. Jumatatu atakuja."

Wakati naondoka Kabula alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilimwomba radhi tena, yeye mwenyewe. Alisema, "Nimekusamehe, Mwalimu." Halafu, kama vile ndilo swali alilokuwa amelibana tangu Jumatano: "Kwa hiyo lile jiwe ni jiwe gani?"

"Sijui," nilimwambia. "Lina madini mazito ndani, lakini sijui gani."

Alitabasamu kidogo. Ni mara ya kwanza namwona akitabasamu.

Nakiri kitu kimoja hapa. Kwa mzee ilikuwa rahisi kuliko itakavyokuwa darasani. Nina miaka sita kazini na sijawahi kusimama mbele ya wanafunzi nikatamka neno "nimekosea". Huwa nafuta ubao nasonga mbele. Naogopa watanizoea. Naogopa walimu wenzangu zaidi, maana nao walicheka kwa sababu mimi nilianza.

Jumatatu tutarudia jaribio, kila mtu na jiwe jipya, na ubaoni sitaandika namba yoyote. Sitamwadhibu aliyepika, maana mpishi mkuu nilikuwa mimi. Lakini kabla hawajashika mizani nina kauli moja ya kuwaambia. Nimeifanyia mazoezi mara tatu tangu nirudi, na kila mara inanikwama katikati:

Kabula alipima. Mimi sikupima.