Kiti cha Kinanda

Nyansurura, 7 Machi 1954

Baba yangu,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake. Huku kwa mume wangu Selestine tuko wazima, mvua imeanza na ng'ombe wamepata majani. Ninyi je, kifua cha mama kimepoa?

Nimeandika kwa sababu ya kinanda, kile cha kuvuta na kusukuma. Tangu uliponipa siku ya kuolewa sijakilalamikia hata mara moja. Sasa mkanda umekuwa mfupi. Nimefika tundu la mwisho, nikaongeza kipande cha kamba ya katani, lakini kamba inanikata shingo. Kinanda chenyewe kimekataa kulala kifuani. Kinakaa mbele huko, mikono inakifuata, na ibada ikiisha mgongo unauma hadi nashindwa kuinama kuwasha moto.

Najua utasema nikae. Baba, siwezi. Waimbaji tuko mbele, na baba mkwe, mzee Ryoba, anakaa benchi la kwanza. Mke wa mwanawe akalie kiti mbele ya uso wake? Ningesemwa hadi huko Nyarero. Basi nasimama ibada nzima.

Ningeacha kupiga, lakini tulipowazika wale watoto wangu wawili, kinanda ndicho kilichoniinua. Naogopa kukiacha, na kuendelea hivi naogopa pia. Nifundishe namna ya kukivaa.

Ni mimi binti yako,
Wegesa

Nyarero, 28 Machi 1954

Wegesa binti yangu,

Marahaba. Kifua cha mama yako kimepona. Anayemsumbua sasa ni mimi, ndivyo anavyosema mwenyewe.

Nilimsomea barua yako akipepeta ulezi. Nilipofika kwenye mkanda uliokuwa mfupi, aliweka ungo chini akacheka. Nilipofika kwa wale wawili, akalia. Mimi nami nina macho. Lakini kuna mambo baba haulizi na binti haandiki, na kwa kuwa mama yako hajui kusoma, kila unalomwandikia lazima lipite kwangu kwanza. Basi tuseme kinanda kimenenepa, yaishe.

Tupa hiyo kamba. Marwa, yule mnunuzi wa ng'ombe, anakuja huko na mkanda wa ngozi, mpana kama kiganja, nimeulainisha kwa samli. Upitishe juu ya bega la kulia, si shingoni. Shingo si msumari wa kutundikia vitu. Kinanda kikalie paja la kushoto. Upande wa kulia, wenye vifungo vya wimbo, utulie, na mkono wa kushoto ndio uvute na kusukuma. Kile kimkanda cha kiganja cha kushoto usikilegeze, maana kikilegea bega litafanya kazi isiyo yake. Mgongo unyooke, magoti yaachane. Ukiona mabega yamepanda karibu na masikio, yashushe, hata kama wimbo utakosea.

Yote haya yanataka kiti. Marwa amebeba na kiti, cha miguu mitatu, nimekichonga mwenyewe. Hakiji kwako. Kinakwenda kwa mkwe wangu Ryoba pamoja na neno hili: kiti ni cha kinanda, si cha mke wa Selestine. Kinanda kimezeeka, hakiwezi tena kusimama. Akikasirika, akasirike na mimi.

Mama yako anasema usibebe mtungi mkubwa wa maji. Naye anazungumza habari ya kinanda.

Baba yako,
Nikodemo

Nyansurura, 2 Mei 1954

Baba,

Shikamoo. Poleni na mvua, hapa mto umejaa na barua hii sijui itavuka lini. Mama umwambie mtungi anaubeba wifi yangu Gati, na ananung'unika vizuri tu.

Kiti kilifika. Baba mkwe alikiangalia, akakigeuza miguu juu, akauliza ni mti gani. Jumapili nilikikuta pale mbele, mahali pangu pa kusimama. Nikasimama kando yake. Mzee Ryoba naye akainuka kutoka benchi la kwanza na fimbo yake, akapita katikati ya watu wote, akaenda kukaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango. Kati yetu kukawa na kanisa zima.

Baba, nikakaa. Nikaweka kinanda pajani, mkanda begani, nikashusha mabega. Nilipiga nyimbo zote na mgongo haukuuma. Nililia pia, lakini waliodhani ni Roho Mtakatifu sikuwakataza.

Ni mimi,
Binti yako Wegesa

Nyarero, 15 Agosti 1954

Binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na safari hii neno hilo naliandika kwa kulimaanisha. Tangu mwezi wa tano hujaandika. Marwa alipita kwenu mwezi uliopita, akaambiwa ndani kuna wanawake tu, wanaume wasisogee. Hakuuliza zaidi, na mimi nimekasirika naye ingawa najua alifanya sawa.

Mama yako hali chakula vizuri. Mimi nimekata mkanda mwingine, nimeupaka samli mpaka umeteleza kama samaki, na hakuna aliyeniomba. Nilisema mambo mengine baba haulizi. Wegesa, nauliza. Naogopa.

Baba yako

Nyansurura, 5 Septemba 1954

Baba na mama,

Shikamooni. Nisameheni kwa kunyamaza. Habari za wale wawili niliwaandikieni mapema, kisha ikanibidi niandike tena ile barua ya msiba. Safari hii nilisema sitashika kalamu mpaka mtoto anenepe.

Amenenepa. Ni msichana, mapaja yake yana mikunjo, na akilia mbwa wa Gati anaondoka. Tumempa jina la mama, Boke. Selestine anamwangalia akilala hadi namfukuza aende shambani.

Mkanda nimeurudisha tundu la zamani. Baba mkwe angali benchi la mwisho, anasema huko kinanda kinasikika vizuri zaidi. Lakini kuna tatizo jipya. Boke hakubali kulala popote ila mgongoni mwangu, hata kanisani. Mkanda ukitoka bega la kulia unapita palepale alipo. Nifundishe, baba: mtu mwenye mtoto mgongoni anavaaje kinanda?

Mama Boke, binti yenu

Nyarero, 26 Septemba 1954

Mama Boke,

Marahaba, wewe na huyo aliye mgongoni. Mama yako alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika, kisha akanifanya nisome barua tena na tena, na kila mara akasahau kwamba mwisho anaujua.

Swali lako limenizuia kukaa chini. Sijawahi kubeba mtoto mgongoni, wala sijui mwanamume wa Nyarero aliyewahi. Nikachukua boga, mama yako akanifunga nalo kwa shuka lake. Kinanda unacho wewe, basi nikavaa debe tupu kwa mkanda ule niliokata. Kweli, mkanda mmoja unalikandamiza boga palepale penye shingo ya mtoto. Nimeupasua, nimefanya miwili. Kila mmoja uzunguke bega lake, upite chini ya kwapa na kurudi mbele, pasiwe na kinachokatiza mgongoni. Boga lilitulia. Nililikalisha, nikaliinua, nikazunguka nalo uani.

Watu waliokuwa wakitoka mnadani wakasimama njiani kutazama. Wakamuuliza mama yako mzee Nikodemo amepatwa na nini. Aliziba mdomo kwa kicheko, ikabidi nijibu mwenyewe, na boga langu mgongoni.

Nikawaambia nina mjukuu.

Babu yake Boke