Viatu Vipana vya Mama

Nakwa, Babati
Mwezi wa Mei

Dada yangu Amna,

Shikamoo, dada. Mimi na Mama tunakusalimu kutoka nyumbani. Je, afya yako ni njema, na ile baridi ya Norwe imeanza kulegea? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mvua imetunyeshea vizuri, hata njia ya Bagara imejaa madimbwi.

Nakuandikia hasa kukushukuru. Ile picha uliyonitumia, umesimama juu ya theluji na viatu vipana kama matenga, niliicheka siku ya kwanza, kisha ikanikaa kichwani. Unajua Mama alivyokuwa tangu masika ya mwaka jana, alipozama mpaka mapajani kwenye tope la bustani yake kando ya ziwa, jirani yetu Mama Joyce na vijana wakamvuta kwa kamba. Mwili haukuumia, lakini hakurudi tena bustanini. Alishinda barazani akichambua mchicha wa kununua, yeye ambaye watu walikuwa wakinunua kwake. Nikajiuliza, kama kiatu kinaweza kumbeba mtu juu ya theluji, kwa nini kisimbebe juu ya tope?

Nilikunja mabomba ya plastiki kwa moto, nikayasuka katikati kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Sendeu, fundi wa katambuga za matairi pale sokoni, alinishonea mikanda. Aliniuliza kama bata wa ziwani wameanza kualikwa harusini. Nilimjibu kwamba bibi harusi ni Mama, akacheka, kisha akanichagulia mpira laini usiochubua. Namshukuru sana.

Jozi ya kwanza ilinitia aibu. Mkanda nilikuwa nimeufungia nyuma ya kisigino, kama kwenye picha yako. Mama alipiga hatua chache vizuri, akaanguka kifudifudi, mikono ikazama, na mafundo yakiwa nyuma asikoweza kufika. Nilikuwa karibu, nikamfungua. Lakini niliogopa, kwa sababu jioni viboko hutoka majini, na kwenye nchi kavu huwezi kukimbia na viatu vile. Mama alitema tope, akasema viatu ni vizuri ila vina roho mbaya.

Nikaanza upya. Sasa mkanda unafungwa mbele kwa lile fundo la kufungia mbuzi, ukivuta ncha moja linaachia lote, na ncha hiyo nimeirefusha hadi gotini. Nilimwomba Mama aanguke makusudi, kwanza uani, kisha kwenye tope. Kila mara alivuta, miguu ikatoka. Mara ya mwisho hakunisubiri. Alijifunga mwenyewe, akaenda hadi kwenye matuta yake, akaanza kung'oa magugu huku akimtukana Mama Joyce kwa mbali kwamba amemwachia bustani ikawa pori. Nililia, dada.

Sasa nikwambie jambo nililowaficha nyote. Mwezi wa Januari chuo kimoja cha ufundi huko Iringa kiliniita nikafundishe. Nilinyamaza, maana sikuweza kumwacha Mama na ile baraza. Kila nilipokunja bomba nilijiuliza kama namfanyia yeye au najifanyia mimi, na sikupata jibu safi. Juzi, tukiosha viatu uani, aliniuliza bila kunitazama:

"Hivi viatu umenitengenezea mimi, au umejitengenezea safari?"

Nilimwambia yote. Alisugua tope lililobaki kwenye mkanda, kisha akasema:

"Basi nenda. Mimi nilidhani maisha yamekushinda, nikawa nakuvumilia hapa ndani."

Kumbe miezi yote hiyo tulikuwa tunaoneana huruma.

Naondoka mwisho wa mwezi, nikishamtengenezea Mama Joyce jozi yake. Anasema amechoka kutukanwa kwa mbali, anataka kwenda kujibu akiwa karibu.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama huko kwenye theluji kuna viboko. Wasalimie wote unaoishi nao. Mungu akulinde, dada, wewe na hatua zako.

Mdogo wako akupendaye,
Shani