Mkono wa Nne wa Rangi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza. Rangi ya zamani ya ndege inatoka kama magamba ya samaki. Ukiigusa kwa ncha ya kisu inaanguka yenyewe. Chini yake bati limeota unga mweupe. Ni zile dawa za mashamba. Nimezimwaga kwa ndege hii karibu maisha yangu yote ya kazi, nazo zimekuwa zikiitafuna kimyakimya. Kampuni niliyoifanyia kazi ilipotaka kuiuza kama chuma chakavu niliichukua mimi. Watu walicheka — mzee na mkebe wake!

Mkaguzi amesema siruki mpaka nibandue kila kitu, nitibu kutu, nipake upya. Kiwanjani wanamwita Bwana Tochi, kwa sababu hata jua la mchana hulimulika. Ana haki. “Ukimaliza niite, mzee wangu. Usiniite kabla. Nakujua.”

Lakini nina haraka, na sababu niiandike hapa mara moja nisiirudie. Ijumaa daktari wa macho alimwambia mke wangu kwamba presha ya macho imeshakula mishipa. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki nacho kinakwenda. Tulipofika mlangoni, funguo mkononi, akasema: “Nipeleke nikaone kwetu kabla macho hayajafunga.”

Kwetu ni ng'ambo ya mto wa mpakani. Kukanyaga siruhusiwi, kwa yale niliyoyaandika gazetini nikiwa kijana, naye hataki kwenda bila mimi. Ila angani, upande huu wa mto, ukipanda vya kutosha bonde lote liko wazi. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kuliona: mlima, shule, bati la nyumba ya baba mkwe likimetameta. Sikurudia. Sikuweza.

Jumamosi, 9 Machi

Vidole vimechubuka. Chini ya nyeupe kuna njano, chini ya njano kijani, chini ya kijani rangi ya kiwandani. Ndege hii imebadili sura mara nyingi kuliko serikali yetu ya kule.

Mke wangu alileta chai, akakaa juu ya pipa. “Umekuwa mchuna ngozi siku hizi?” Kisha akatoa amri: mabawa na mwili meupe, sawa, lakini mkia uwe mwekundu. Nyeupe tupu ni gari la wagonjwa.

Jumapili, 17 Machi

Nyeupe imekwisha. Mikono miwili ya rangi, myembamba, laini. Nimejipongeza kwa kulala mchana.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, amepiga simu tena kutoka mjini kwake, upande huu wa mto. Kule wametangaza kwamba wanaotaka kurudi warudi, isipokuwa sisi wa magazeti. Ukivuka, kibali cha kuishi huku unakirudisha, na hupewi kingine. Ameuliza swali lile lile: “Nirudi kwenye nini? Nani ameiona nyumba?” Mke wangu akamjibu: “Subiri. Nitaiona mimi.”

Jumatano, 20 Machi

Mkia! Nyekundu yenyewe. Mkono wa kwanza asubuhi, wa pili alasiri.

Mke wangu alikuja jioni akautazama kwa muda mrefu. “Mbona umefifia? Kama shati lililosahauliwa juani.”

Haya. Kesho mkono wa tatu.

Ijumaa, 22 Machi

“Afadhali. Lakini bado.” Nikapiga mkono wa nne. Nikampigia simu muuza rangi, nikamwambia ameniuzia maji. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba kopo lilikuwa limefungwa. Nikamwambia asimwingize mama yake mzazi kwenye biashara hii.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimeelewa. Jua limejaa ndani ya banda, milango yote wazi. Mke wangu alisimama hatua chache tu kutoka kwenye mkia, akanyoosha mkono auguse. Akashika hewa. Akasogea, akashika tena hewa. Kisha akasema kwa furaha: “Sasa imekolea!”

Haikuwa rangi. Nyekundu ile inaumiza macho ya mtu mwenye macho. Alijua, na alikuwa akijaribu kunificha. Nami badala ya kumtazama yeye nilikuwa nikiutazama mkia.

Nimempigia muuza rangi kumwomba radhi. Hakupokea.

Jumanne, 26 Machi

Bwana Tochi amekuja. Alisifu mabawa. Alisifu mwili. Alipofika kwenye mkia alikifungua kile kipande cha nyuma kinachogeuka juu na chini kuielekeza ndege, akakilaza juu ya vyuma viwili. Kinatakiwa kilale sawa. Kiliinamia nyuma kama mlevi.

“Mzee, huu mkia umeuvalisha makoti mangapi?”

“Manne.”

“Kwani huko juu kuna baridi kiasi hicho?”

Sikucheka. Najua maana yake. Rangi ikizidi huko nyuma, ukishika kasi mkia unaanza kutetemeka, na ukianza hauachi mpaka ung'oke. Nimewafundisha marubani wapya jambo hili, wakati mwingine kwa ukali. Kisha nimekwenda kupaka kana kwamba ndege ni picha ya kutundikwa ukutani!

Amri yake: nibandue mikono yote minne, nipake miwili, akipime kipande upya. Naye ana viwanja vingine vya kuzungukia. Atarudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Nikamweleza habari za mke wangu. Akazima tochi — sijawahi kumwona akiizima — akasema taratibu: “Nikikusainia leo, baba, nitakuwa nimewaua wote wawili.”

Nimemwambia mke wangu kwamba karatasi zimechelewa.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimebandua. Nimepaka.

Asubuhi amejigonga kwenye kabati ambalo halijahama tangu tuhamie nyumba hii. Haji tena bandani. Anasema atauona mkia siku ya safari.

Jumanne, 9 Aprili

Kipande kimelala sawa, kama maji kwenye sinia. Bwana Tochi amesaini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nilifika nyumbani nikasimama mlangoni bila kusema neno. Akauliza: “Nani?”

Anabagua mwanga na kivuli tu. Nikamwambia basi, tuache. Akanikasirikia kweli. “Nimeishi nawe hadi nywele zimeisha rangi. Wewe tazama. Mimi nitakuuliza.”

Jumamosi, 13 Aprili

Tumekwenda. Tumerudi. Niandike leo hii, kesho nitajidanganya.

Alivaa gauni lake la kijani, akapaka wanja. Nilimfunga mkanda, nikamvalisha vifaa vya masikioni. Mkia ulikuwa mtulivu. Nilitamani mawingu, hakukuwa na hata moja. Mto ulipoonekana nilifuata ukingo wa upande wetu, nikapanda.

Mlima upo. Mlima haukimbii. Chini yake, hadi mtoni, kuna miti ya mbao iliyopandwa kwa mistari. Mistari iliyonyooka kabisa — maisha yangu yote nimefuata mistari ya namna ile, nikiwa kazini, sikuwahi kujiuliza nani alikaa pale kabla. Hakuna shule. Hakuna bati. Hata barabara si ile.

“Bati la baba unaliona?”

“Naliona.”

“Limeshika kutu?”

“Kidogo. Upande wa jikoni.”

Jikoni! Lilinitoka lenyewe. Akacheka. “Ndiyo, moshi ule. Na shule?”

“Ipo. Wameongeza darasa.”

“Zunguka tena.”

Nikazunguka. Kila mzunguko nilijenga. Nilipaka kuta chokaa, nikaanika nguo kwenye kamba, nikaweka mtu anayefagia uwanja. Alikuwa akilia na kucheka, uso ameuelekeza dirishani, kule kule kulikokuwa na miti.

Sasa ni alasiri. Niko mezani chumbani. Yeye yuko sebuleni kwenye simu na mdogo wake tangu tuingie, hata gauni hajabadili.

“Lipo, nakwambia! Kutu tu, upande wa jikoni. Na mtu anafagia, pengine ni mtoto wa yule jirani.” Anasikiliza. “Unasema kweli? Basi la Jumatano?” Anacheka. “Kibali je? ... Unakirudisha Jumatatu asubuhi? Haya. Haya, mdogo wangu. Hata mimi ningefanya hivyo.”

Kalamu imesimama, nailazimisha.

“Mzee! Shemeji yako anataka kusikia kwa mdomo wako kabla hajakirudisha. Anauliza, chumba chao cha uani bado kipo?”

Nasikia kiti kikisogea. Anakuja, anapapasa ukuta, viatu vya safari bado miguuni. Yuko mlangoni. Anatabasamu upande usio wangu, na amenyoosha simu. Naweka kalamu.