Vifuko vya Dawa vya Neema Vimegandana

Jumanne, Lipangalala. Mvua haijakatika tangu alfajiri, uwanja ni matope matupu, na kichwa changu ndivyo kilivyo.

Mwanangu Neema anasomea dawa chuo kikuu. Nimeshalisema hapa na nitalisema tena, maana si kila nyumba ya mtaa huu ina mtoto anayevaa koti jeupe. Anatengeneza vifuko vya dawa vidogo hata jicho halivioni, ili mtoto ameze dawa chungu bila kuusikia uchungu. Anachanganya jelatini na gundi ya mti, anatia tindikali kidogo, hivyo viwili vinavutana na kuizingira dawa. Mpaka hapo naelewa.

Leo kwenye simu ananiambia vifuko vimegandana. Chaji ya umeme kwenye ngozi za vifuko imepungua mno.

"Si ndiyo vizuri, mwanangu? Vitatulia."

"Hapana, mama. Vyote vikiwa na chaji ya aina moja vinasukumana, kila kimoja kinakaa kivyake. Ikipungua, vinashikana."

"Kwa hiyo vinavyogombana ndivyo vizima?"

Akacheka mno.

Kwangu mimi watu wakisukumana nyumba inavunjika. Kwa Neema ndiyo inasimama. Nimeliwaza hilo mpaka wali ukaungua.

Nikamuuliza kama likizo atakuja nayo hiyo dawa. Akasema haijaingia kinywani mwa mtu yeyote, bado ni ya maabara, labda itachukua miaka.

Nikaikata simu papo hapo.

Maana Jumapili nilimwambia jirani yangu, Mama Shija, kwamba Neema analeta dawa isiyo chungu. Shija wake alikuwa anaitema ile ya malaria waliyopewa zahanati. Nimekwenda mbio na matope yangu. Mtoto yuko mkekani, wa moto.

"Nimeiweka kabatini kwanza," akasema. "Si tunamsubiri daktari wako, Mama Neema?"

Nimemwambia ukweli mbele ya wifi yake. Wifi akaguna, "Kumbe daktari wa kwenye simu."

 Nimemfunga Shija mgongoni kwa khanga, tukaenda zahanati na mama yake. Dozi ya kwanza aliitema kwenye blauzi yangu. Ya pili nesi aliiponda na sukari, nikamshika kidevu, akameza huku analia.

Joto bado halijashuka. Asubuhi nitaanzia kwao kabla ya shamba.

Neema ni fahari yangu, hilo silifuti. Lakini mtu anamsifuje mwanawe kwa kitu ambacho bado hakijawa?