Kliniki Tuliyoitengeneza Sebuleni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Évode Mutambala
Umri: Miaka 46
Kazi: Kibarua wa kubomoa majengo, kwa sasa Sundbyberg
Makazi: Hjulsta, Stockholm
Elimu: Darasa la tano
Tarehe: Jumapili, 12 Oktoba 2025, saa 1:10 jioni
Lugha: Kiswahili, mbele ya Inspekta Filip Ekdahl, kupitia mkalimani Bi. Shalom

Kabla ya kuanza, Inspekta amenieleza kwamba sheria ya hapa hainilazimishi kusema lolote juu ya mke wangu wala juu ya dada yangu. Nimeelewa. Nitasema. Mkalimani ni Mtanzania, na Kiswahili changu mimi ni cha Uvira na cha kambi ya wakimbizi, lakini tunaelewana. Nikisema vibaya ananiuliza.

Josiane ni mdogo wangu, tumbo moja. Anaishi na sisi Hjulsta, katika chumba kilichokuwa cha mwanangu Roméo kabla hajahama. Josiane anaumwa moyo wa huzuni tangu tulipofika nchi hii. Si huzuni ya siku mbili. Ni ya kulala uso ukutani, kutooga, kutokula mpaka mtu amlishe. Amebadilishiwa vidonge mara nyingi hata sikumbuki majina. Vingine vilimfanya anenepe, vingine vilimfanya atetemeke mikono. Huzuni ilibaki palepale.

Mwezi wa tatu mwaka huu daktari wake alimpeleka kwenye kliniki moja ambako wanatoa dawa inayoitwa ketamini pamoja na mazungumzo na mwanasaikolojia. Mgonjwa haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake, kwa hiyo niliomba ruhusa kazini nikawa namsindikiza. Siku ya kwanza niliruhusiwa kukaa naye. Niliona kitanda, blanketi, kitambaa cheusi cha kumfunika macho, muziki wa chini usio na maneno. Muuguzi alimtia dawa kwa dripu, akambana kidole kwa kamashine kenye taa nyekundu. Mwanasaikolojia, mama wa Kiswidi mwenye nywele fupi, alikaa kwenye kiti karibu na kichwa chake na hakusema kitu. Tulipotoka nilimuuliza, "Mama, kazi yako ni nini hapa? Mbona umenyamaza tu?" Alicheka. Akasema, "Leo dawa ilifungua mlango. Kesho Josiane na mimi tutaingia pamoja tuone kuna nini ndani."

Kesho yake walizungumza kwa muda mrefu na mkalimani, na keshokutwa pia. Mimi nilikaa nje. Sijui walisema nini na sikuuliza.

Baada ya kwenda mara ya tatu, nilirudi kutoka kazini nikamkuta Josiane jikoni anasugua sufuria. Aliniangalia kuanzia chini mpaka juu, akasema, "Kaka, hivyo viatu vyako acha nje. Vinanuka kama zizi." Nilikuwa sijasikia dada yangu akinitania kwa miaka. Nilitoka nje na viatu vyangu mkononi, nikaingia kwenye lifti, nikapanda juu na kushuka, nikapanda tena, mpaka uso wangu ukakauka.

Mwezi wa nane matibabu yalikwisha. Walisema awamu yake imekamilika na kwamba ili apate nyingine lazima apimwe upya, nafasi itapatikana mwakani. Mwezi wa tisa Josiane alirudi kitandani. Akageuza uso ukutani.

Mke wangu anaitwa Flaviana. Ni kiongozi wa kikundi cha faraja kanisani kwetu. Kikundi hicho kinakwenda kwa watu waliofiwa na wagonjwa. Wanakaa nao siku nzima, wanapika, wanaosha vyombo, wanaomba, wanasikiliza. Wamewatuliza watu wengi hapa Stockholm ambao hospitali zilishindwa kuwasaidia. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na ili Inspekta asidhani ni watu wabaya.

Jumatano iliyopita, tukiwa mezani, Flaviana alisema, "Baba Roméo, hebu fikiri. Kitanda tunacho. Blanketi tunalo. Kukaa na mtu mwenye huzuni ndiyo kazi yetu. Maneno tunayo kumshinda yule mama wa Kiswidi, maana wewe mwenyewe unasema hata hasemi. Kinachokosekana hapa ni dawa tu."

Gilles alikuwepo. Ni ndugu wa kanisani, anakaa Hässelby, anakuja kwetu kula. Akasema, "Hiyo dawa? Mjini vijana wanainunua kama pipi. Wanaitumia kuchezea muziki."

Flaviana akamwambia, "Basi wewe ilete, sisi tuitumie kwa akili."

Mimi nilisema kliniki kulikuwa na muuguzi, na kale kamashine ka kidoleni. Flaviana akajibu, "Hako ni ka kuhesabu mapigo. Mapigo ya wifi yangu nimeyahesabu usiku ngapi, mimi?" Nikaendelea kula. Nilikuwa nimechoka na kazi, na nilitaka sana asikie nafuu. Josiane alipoulizwa alisema, "Kama kaka atakuwa chumbani, sawa."

Leo, baada ya ibada, tulirudi Hjulsta. Tulikuwa watu sita pamoja na Josiane: mimi, mke wangu, Gilles na mama wawili wa kikundi. Kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeiona kliniki, waliniambia nipange chumba. Nilisogeza meza ya sebuleni, nikaweka godoro mahali pake, nikakunja kitambaa cheusi cha kumfunga macho. Nilimweka Flaviana kwenye kiti karibu na kichwa. Hata pazia nilishusha nusu, kama kule. Mtu angeingia angedhani ni mchezo wa watoto. Mimi nilikuwa najivunia.

Saa nane na nusu mchana hivi, Flaviana alimpa Josiane juisi ya embe. Baadaye Gilles akatoa unga mweupe uliofungwa kwenye karatasi, ukachanganywa na maji, Josiane akanywa. Alikunja uso akasema, "Ile ya kliniki ilikuwa haina ladha." Mama mmoja akamwambia, "Ya kliniki ilipita mkononi, binti yangu. Mkono hauna ulimi." Tulicheka sote, hata Josiane. Akalala. Nikamfunika macho mimi mwenyewe.

Mwanzoni walinyamaza kama nilivyowaelekeza. Kisha wale mama wakashindwa, wakaanza kuimba taratibu. Josiane akaanza kukoroma. Gilles akanong'ona, "Anamshinda Baba Roméo," na Flaviana akampiga kofi la begani ili anyamaze. Aliendelea kukoroma, kwa sauti nzito, ya mbali.

Halafu kukoroma kukakoma.

Flaviana alisema, "Amani imemshukia." Tukasema amina. Naomba iandikwe hivyo. Dada yangu aliacha kupumua na sisi tukasema amina.

Wimbo uliendelea. Niliona mguu wake umetoka kwenye blanketi, nikaenda kuufunika, nikaukuta baridi. Nikamwita. Nikatoa kitambaa. Macho yalikuwa wazi nusu na hayaniangalii, midomo imekuwa na rangi ya wino. Nilipiga 112. Mtu wa simu aliuliza kama anapumua, nikasema hapana, akanifundisha kubana kifua. Mikono hii inavunja kuta kila siku. Niliogopa kumvunja. Yule mtu alisema, "Kwa nguvu zaidi." Nikasikia kitu kinalia ndani ya kifua chake, nikaendelea. Mama wa kikundi walikuwa wameshikana mikono. Gilles alikuwa ametoka. Sijui aliondoka saa ngapi na tangu hapo hapokei simu.

Ambulensi ilifika. Walimtia mpira kooni, wakapata mapigo. Mwanamke wa ambulensi aliuliza amepewa nini. Nilisema ketamini. Akauliza, "Na nini kingine?" Nilimgeukia mke wangu. Aliniambia kwa Kiswahili, "Mwambie maombi tu," akainamisha kichwa. Nimeishi na Flaviana miaka ishirini na miwili. Akisema kweli anakutazama usoni mpaka wewe uone haya.

Hospitali daktari aliniuliza swali lilelile. Alisema wanatafuta wenyewe kwenye damu, lakini kujua mapema kunasaidia. Nilisema sijui. Ni kweli sikujua. Kisha polisi wakaniomba nije hapa.

Hapa nimemwomba Inspekta asimamishe maelezo ili nimpigie mke wangu. Amekubali kwa sharti kwamba simu isikike na wote. Tumepiga saa 1:55. Nayasema tuliyozungumza, na mkalimani ameyasikia.

Alisema, "Baba Roméo, upo wapi?"

Nikasema, "Polisi. Wapo hapa, na kuna mama wa Kitanzania anaelewa kila neno. Josiane alikunywa nini kingine?"

Nikasikia kiti kinavutwa. 

"Nikisema watanichukua."

"Ndiyo, watakuchukua. Sema."

"Vile vidonge vyake vya usingizi. Vya zamani, alivyoviacha. Nilivisaga kwenye juisi."

"Vingapi?"

"Vyote vilivyobaki. Nilitaka asiogope. Watu wengi chumbani, nilijua ataogopa." Kisha akalia. Akasema, "Akiamka, usimwambie ni mimi. Nitamwambia mwenyewe."

Nilimwambia anisomee jina lililo kwenye pakiti ya vile vidonge, nikaliandika, kisha nikamwambia asiitupe, avae koti, asubiri gari la polisi. Nikakata simu kwa sababu Inspekta alikuwa tayari ananyoosha mkono achukue jina la dawa apeleke hospitali.

Sijawahi kumshitaki mke wangu kwa mtu, hata kwa mchungaji. Leo nimemfikisha kwa serikali ya watu kwa simu yangu mwenyewe. Nimefanya hivyo kwa kuwa dada yangu ana mpira kooni na hawezi kujisemea. Na mimi ndiye niliyepanga chumba. Sikulazimishwa kukipanga. Gilles alileta, Flaviana alisaga, mimi nilimfunika macho nisiyaone yanavyogeuka. Kama kuna kosa la kugawana, fungu langu lisiachwe nje.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, na yote ni yangu.

Sahihi ya shahidi: É. Mutambala

MAONI YA AFISA

Shahidi alihojiwa kwa hiari yake. Ameelezwa kwamba hadhi yake katika shauri hili inaweza kubadilika. Jina la dawa ya pili liliwasilishwa kwa daktari wa zamu saa 2:05 usiku. Flaviana hakusubiri gari la polisi; alifika kituoni mwenyewe saa 2:40 akiwa na nguo za ibada, akakabidhi pakiti tupu. Gilles anatafutwa. Hadi kufunga maelezo haya mgonjwa yuko hai, hajaamka.

Baada ya kutia sahihi, shahidi alirudi kutoka mlangoni akaomba jambo moja liongezwe: kwamba nafasi ya dada yake ya kupimwa upya kliniki mwakani isifutwe kwa sababu ya walichofanya wao. Nilimweleza kwamba polisi hawana uamuzi juu ya hilo. Akasema anajua, ila liandikwe.

Limeandikwa.

Filip Ekdahl, Inspekta